Majina ya majira ya Wabukusu: wanawake mashuhuri walioitwa Nasimiyu, Nanjala, Nakhumicha na Nekesa

Nasimiyu, Nanjala, Nakhumicha na Nekesa ni majina ya kike ya Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, na baadhi yake hutumiwa pia na jamii jirani za Waluhya hadi mashariki mwa Uganda. Mtoto hupewa jina kufuatana na majira aliyozaliwa, kwa hiyo wanawake wasio na udugu wowote, wa Kitale, Kimilili au Webuye, huitwa jina moja. Makala hii inawahusu waliojulikana nje ya vijiji vyao. Magazeti na orodha za serikali huwataja kwa jina la ubatizo na la ukoo, na jina la majira hubaki herufi moja katikati. Hapa limewekwa mbele, kwa sababu ndilo jina walilopewa na wazee wao.

Asili na mpangilio

Nyanda za Bungoma na Kitale, chini ya Mlima Elgon, hupata msimu mmoja mrefu wa mvua kwa mwaka, na majina yanafuata kazi ya shamba mwezi kwa mwezi. Mbegu huingia ardhini Machi na Aprili, na msichana aliyezaliwa wakati huo ni Nakhumicha. Mvua ikishika anakuwa Nafula. Palizi ya Mei na Juni huleta Naliaka. Mavuno, ambayo kwa mahindi ya Kitale huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba, ni wakati wa akina Nekesa, na kiangazi kinachofuata ni cha akina Nasimiyu. Kwa wavulana mtindo ni uleule: Wafula, Wekesa, Wanjala, Simiyu.

Nanjala ni jina la njaa, na maana yake huonekana vizuri zaidi sokoni kuliko katika vitabu. Mwezi wa Juni shamba limejaa mahindi mabichi yanayofika kiunoni, ghala limebaki na magunzi, na mwenye shamba hilohilo yuko sokoni Kitale akinunua mahindi ya mwaka jana kwa gorogoro, yaani kopo la bati la kupimia. Muuzaji hulijaza bati, huongeza gao moja juu kuonyesha ukarimu, kisha bei aliyoitaja haishuki. Mwaka ambao mvua imechelewa, hali hiyo huendelea mpaka Agosti. Mtoto anayezaliwa hapo hubeba kumbukumbu ya mwaka mgumu, wala jina hilo halihesabiwi kuwa la aibu.

Majina haya ni ya zamani kuliko mahindi. Yalipoanza, vyakula vya Wabukusu vilikuwa wimbi na mtama. Mahindi yalishika nafasi hiyo wakati wa ukoloni, na kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ikaeneza mahindi chotara kuanzia miaka ya 1960. Baadaye miwa ya Nzoia ilileta zao linalokaa shambani karibu mwaka mmoja na nusu na kukatwa mwezi wowote. Majina hayakubadilika, kwa kuwa njia ya pili ya kuyapata ni kurithi: mtoto hupewa jina la bibi aliyefariki. Ndiyo sababu mtu anaweza kukutana na Nanjala aliyezaliwa Desemba, ghala likiwa limejaa.

Wanaume wa Kibukusu wana kipimo kingine cha umri, yaani rika la tohara, ambayo hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Mwanamume husema yeye ni wa rika fulani, na wazee hukadiria umri wake papo hapo. Wanawake hawakuwa na marika ya aina hiyo. Jina la majira ndilo lililokuwa cheti chao cha kuzaliwa, ingawa lilitaja miezi bila kutaja mwaka.

Katika kumbukumbu za kikoloni

Vita vya Chetambe vya mwaka 1895 kati ya Wabukusu na Waingereza, karibu na Webuye ya leo, vimeandikwa sana. Majina ya maofisa wa Uingereza, hasa C. W. Hobley, na ya Mumia wa Wanga yapo katika kila simulizi. Wanawake waliokuwa ndani ya boma la Chetambe wametajwa kwa jumla tu, kama mateka. Utaratibu wa utawala uliofuata ulikuwa huohuo. Kodi ya kibanda ilidaiwa kwa mwanamume, na mke alihesabiwa kwa paa lililokuwa juu yake. Kipande, yaani hati ya utambulisho iliyoanza kutumika mwishoni mwa muongo wa 1910, kiliwahusu wanaume, na ndicho walichovaa shingoni waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia. Wake zao walilima mashamba hayohayo, wakavuna na kupukuchua, bila karatasi yenye majina yao.

Hali hiyo ilidumu hata baada ya uhuru. Ni mwaka 1978 tu ambapo sheria ya usajili wa watu ilirekebishwa ili wanawake nao wapewe kitambulisho cha taifa. Miaka hiyo familia nyingi za Wabukusu zilikuwa zimekwisha kununua ardhi iliyoachwa na walowezi, zikavuka Mto Nzoia kuelekea Kiminini, Saboti na Kwanza, na majina ya majira yakaenea nazo mpaka Kitale mjini. Makanisa yalikuwa yameongeza jina la Biblia au la mtakatifu mbele: Wakwekeri waliotoka Kaimosi na kujenga Lugulu, na Wakatoliki wa Mill Hill waliojenga Kibabii. Hivyo ndivyo mpangilio wa sasa ulivyopatikana, yaani jina la kanisa, jina la majira, kisha jina la baba au la mume. Wanawake wanaofuata hapa chini karibu wote wameandikwa kwa mtindo huo.

Nasimiyu

Anayejulikana zaidi kwa jina hili ni Sista Anne Nasimiyu Wasike, mtawa na mwanatheolojia, mmoja wa wanawake wa kwanza Wakatoliki wa Afrika Mashariki kuandika teolojia ya kitaaluma kwa kuanzia katika maisha ya wanawake wenyewe. Alikuwa wa shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, lililoanzishwa Nkokonjeru, Uganda, mwaka 1923 na Mama Kevin Kearney. Mama Kevin alikuwa mtawa wa Ireland aliyefika Uganda mwaka 1903. Shirika lake lilipokea wasichana Waafrika wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba wangeweza kuishi utawa, na lilienea hadi Kenya, likijulikana kwa shule na hospitali. Nasimiyu alifika kuwa Mama Mkuu wa shirika hilo.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh, Marekani. Tasnifu yake ilihusu Mtaguso wa Pili wa Vatikano na suala la utamadunisho, yaani namna imani inavyoingia katika utamaduni wa watu bila kuufuta. Aliporudi alifundisha masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Mchango wake mkubwa ni insha juu ya Kristo na maisha ya mwanamke Mwafrika, iliyotoka Nairobi mwaka 1989 katika kitabu kilichohaririwa na Jesse Mugambi na Laurenti Magesa. Wanatheolojia wanaume wa Afrika walikuwa wamekwisha kumweleza Yesu kama babu, kama mganga, kama chifu, kama kaka mkubwa. Nasimiyu aliwauliza wanawake, wa mjini na wa kijijini, Yesu ni nani kwao. Kutokana na majibu alijenga hoja kwamba wanawake wanamtambua katika kazi wanazozifanya kila siku: kulisha, kuuguza, kulea, kubeba mzigo wa wengine. Ndiyo maana hakusita kumweleza Yesu kwa sura ya mama. Kwa mtawa wa Kikatoliki katika Kenya ya mwaka ule, huo ulikuwa ujasiri mkubwa, na ulisimama juu ya ushahidi wa watu aliowasikiliza.

Mwaka huohuo wa 1989, wanatheolojia wanawake wa Afrika walikutana Accra chini ya uongozi wa Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na kuanzisha umoja wao. Nasimiyu alikuwa miongoni mwa sauti za Kenya katika umoja huo. Katika kitabu chao cha mwaka 1992, The Will to Arise, alichangia sura inayopinga ndoa ya wake wengi. Wakati huo baadhi ya wasomi, Waafrika na wageni, walikuwa wakiitetea ndoa hiyo kama urithi unaostahili nafasi kanisani. Nasimiyu alijibu kwamba mwenye haki ya kwanza ya kuipima desturi ni yule anayeishi ndani yake akiwa mke wa pili au wa tatu. Alikuwa mkali hivyohivyo kwa kanisa lenyewe, ambalo lilihubiri usawa na kuwaacha wanawake wakifagia na kupamba altare. Pamoja na Douglas Waruta alihariri pia kitabu cha insha kuhusu umisionari katika Ukristo wa Afrika.

Nanjala

Nanjala Nyabola ni mwandishi na mchambuzi wa siasa wa Kenya, na kati ya wote waliotajwa hapa ndiye anayetumia jina la majira kama jina lake la kwanza hadharani. Alisoma Oxford na Harvard. Kitabu chake cha mwaka 2018, Digital Democracy, Analogue Politics, kinaeleza jinsi intaneti ilivyobadili siasa za Kenya kati ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 na uchaguzi wa 2017 uliofutwa na Mahakama ya Juu. Kinaeleza kwa kina kwa nini mitambo ya bei ghali ya kuhesabia kura haiwezi kuchukua nafasi ya imani ya wananchi kwa tume ya uchaguzi. Mwaka 2020 alitoa kitabu cha insha juu ya kusafiri akiwa mwanamke Mwafrika. Kwa wasomaji wa Kiswahili kazi yake yenye thamani ya pekee ni mradi wa kukusanya na kubuni istilahi za Kiswahili za haki za kidijitali, ili mwananchi aweze kujadili faragha na usalama wa taarifa zake bila kuazima lugha ya wanaomuuzia simu.

Catherine Nanjala Wambilianga ni mwanasiasa wa FORD-Kenya. Alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Bungoma mwaka 2017, akachaguliwa tena 2022. Kiti hicho kilianzishwa na Katiba ya 2010, na wa kwanza kukikalia Bungoma, mwaka 2013, alikuwa Reginalda Wanyonyi.

Nakhumicha

Huandikwa pia Nakhomicha. Dorcas Nakhomicha Ndasaba, aliyezaliwa 1971, alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya voliboli ya wanawake, Malkia Strikers. Alicheza katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, ambayo ilikuwa ya kwanza kwa timu hiyo, na ya Athens mwaka 2004. Kenya haikushinda mechi hata moja katika michezo hiyo miwili, lakini barani Afrika kizazi chake kiliogopwa.

Susan Nakhumicha Wafula, wa Trans Nzoia, aliapishwa kuwa Waziri wa Afya wa Kenya mwezi Oktoba 2022. Wakati wake zilipitishwa sheria nne za afya zilizotiwa saini Oktoba 2023, ikiwemo ile iliyofungua njia ya kuivunja NHIF, bima iliyokuwapo tangu 1966, na kuweka Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwaka 2024 alikabiliwa na mgomo wa madaktari ulioanza katikati ya Machi na kumalizika 8 Mei, kiini chake kikiwa malipo ya madaktari wanagenzi. Aliondoka tarehe 11 Julai 2024, Rais William Ruto alipovunja baraza la mawaziri kufuatia maandamano ya vijana. Mwezi uliofuata aliteuliwa mwakilishi wa Kenya katika UN-Habitat, yenye makao yake Nairobi.

Nekesa

Jina hili limevuka mpaka. Barbara Nekesa Oundo, wa Busia upande wa Uganda, aliteuliwa waziri wa nchi wa masuala ya Karamoja mwaka 2012, halafu akawa balozi wa Uganda nchini Afrika Kusini na mweka hazina wa taifa wa chama cha NRM.

Majina yanayofanana

Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, uliotangazwa mwaka 2012, umeitwa kwa Mto Simiyu unaoingia Ziwa Viktoria, wala si kwa jina la kiume la Wabukusu.

Hali ya sasa

Kwa sensa ya 2019 Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570 na Trans Nzoia 990,341, na majina ya majira bado ni ya kawaida katika madaftari ya shule na kliniki za kaunti zote mbili. Mijini baadhi ya wazazi huliacha jina hilo katika cheti cha kuzaliwa na kulitumia nyumbani tu. Wanaoandika vitabu wameanza kulirudisha mbele. Msomaji anayetafuta kazi za Sista Anne maktabani aangalie chini ya herufi N: katika orodha nyingi ameingizwa kama Nasimiyu-Wasike.