Mgeni Njoo, Mwenyeji Aondoke: Chokaa ya Kakontwe, Ngumi za Kinshasa na Wanyonge wa Miji ya Michezo

Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huchukulia kwamba ujio wa mgeni ni heri kwa mwenye nyumba. Kuku huchinjwa, ugomvi huahirishwa, na watoto hula kile ambacho jana kilikuwa kimefichwa. Makala haya yanachunguza hali ambamo methali hiyo hupinduliwa: mgeni huja, nyumba hupambwa, lakini baadhi ya wenyeji hutolewa nje kwa mlango wa nyuma ili mgeni asiwaone. Hali hiyo hujitokeza mara kwa mara katika miji inayoandaa mashindano makubwa ya michezo. Mfano tutakaoushughulikia zaidi ni pambano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, lililofanyika Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974.

Tutauanza mjadala mbali na Kinshasa, yaani Kakontwe, katika mji wa Likasi, Katanga ya Juu. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini. Kakontwe haikuandaa mashindano yoyote, wala hakuna bingwa wa dunia aliyepigana huko. Lakini gharama ya michezo hailipwi katika jiji linalowapokea wageni peke yake, na mwanahistoria anayeutazama uwanja tu huona nusu ya hesabu. Nusu ya pili iko machimboni.

Jiwe la Kakontwe

Jina la Kakontwe linajulikana kwa wanajiolojia wengi ambao hawajafika Likasi, kwa kuwa wamelipa jina hilo tabaka zima la mawe ya chokaa linaloenea katika ukanda wa shaba wa Katanga. Hata madini ya Kipushi, karibu na Lubumbashi, yamo ndani ya tabaka hilo. Machimbo ya Kakontwe yenyewe yalitoa mawe na chokaa kwa ajili ya viwanda vya kusafishia madini vya Likasi, kikiwemo kile cha Shituru. Chokaa haiuzwi kwa bei ya shaba wala kobalti, na haitajwi katika hotuba za viongozi. Hata hivyo, bila chokaa kazi ya kuitenga shaba na uchafu wake ingekwama.

Mji huu uliitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Kampuni ya Union Minière iliujenga kwa mpango uliowatenga watu: Wazungu mahali pao, wafanyakazi Waafrika katika kambi za kampuni, na Waafrika wengine katika mtaa wao. Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville, ilikuwa na ukanda wa wazi uliowekwa makusudi kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika. Mwafrika aliyetaka kuhamia mjini alihitaji kibali, na asiye na kazi angeweza kurudishwa kijijini. Tangu mwaka 1896 kulikuwa na amri ya kikoloni dhidi ya uzururaji na uombaji. Kwa hiyo, wazo kwamba mji ni mali ya wenye kibali, na kwamba wengine wote ni takataka za kufagiwa, halikuletwa na michezo. Michezo ililikuta wazo hilo likiwa tayari limekomaa.

Tena michezo yenyewe iliingizwa katika miji hii kama chombo cha malezi na cha udhibiti. Timu ya Lubumbashi inayojulikana leo kwa jina la TP Mazembe ilianzishwa na mapadre wa Kibenediktini mwaka 1939. Huko Léopoldville, padre Raphaël de la Kethulle aliwajengea vijana viwanja, na uwanja mkubwa uliopewa jina la mfalme Baudouin ulifunguliwa mwaka 1952. Ilitarajiwa kwamba kijana anayecheza mpira hatakuwa na muda wa siasa. Tarehe 4 Januari 1959 tarajio hilo lilivunjika: maelfu ya watazamaji waliotoka katika uwanja huo baada ya mechi walikutana na umati wa wafuasi wa ABAKO waliokuwa wamezuiwa kufanya mkutano wao, na machafuko yaliyofuata yaliharakisha uhuru. Tangu siku hiyo kila serikali ya nchi hiyo imejua kwamba uwanja wa michezo ni mahali ambapo maskini wa mji huonekana kwa wingi, na mtu anayeonekana kwa wingi huogopwa.

Ngumi za 1974

Uwanja huohuo, ambao wakati wa Mobutu uliitwa Uwanja wa Mei 20, ndio uliochaguliwa kwa pambano la Ali na Foreman. Tarehe hiyo ilikumbusha kuundwa kwa chama cha MPR mwaka 1967. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5 za Marekani, na dhamana ilitolewa na utawala wa Mobutu. Pambano lilikuwa lifanyike mwezi Septemba, lakini Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, likaahirishwa kwa wiki tano. Hatimaye kengele ililia mnamo saa kumi alfajiri. Saa hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya watazamaji wa televisheni Marekani, ambako ilikuwa bado jioni. Jiji zima lilikesha ili mgeni asiyefika hata uwanjani asikose usingizi wake.

Furaha ya alfajiri ile ilikuwa ya kweli, na haifai kudharauliwa. Watu wapatao 60,000 waliujaza uwanja, wakamshangilia Ali kwa Kilingala wakimtaka ammalize mpinzani wake, naye akamwangusha Foreman katika raundi ya nane. Kwa Waafrika wengi, kuona pambano kubwa kuliko yote likiandaliwa katika ardhi yao, miaka 14 tu baada ya uhuru, kulikuwa ni heshima ambayo hawakuwahi kupewa. Makala haya hayapingi heshima hiyo. Yanauliza ilikatwa katika ngozi ya nani.

Mwandishi wa Marekani Norman Mailer, aliyekuwepo Kinshasa, aliandika katika kitabu chake The Fight (1975) simulizi iliyokuwa ikizunguka mjini: kwamba kabla ya wageni kufika, Mobutu aliamuru wahalifu wakusanywe, wakafungiwa katika vyumba vilivyo chini ya uwanja, na baadhi yao wakauawa bila kuchaguliwa ili waliobaki wapeleke habari mitaani. Simulizi hii imerudiwa mara nyingi, na idadi ya waliokamatwa na waliouawa hubadilika kulingana na msimulizi.

Tuichukulieje habari hii? Kuna njia mbili rahisi, na zote mbili zina kasoro. Ya kwanza ni kuikubali kama ilivyo kwa sababu Mobutu alikuwa dikteta, na dikteta huaminika kufanya lolote. Ya pili ni kuitupa kwa sababu ni uvumi. Lakini uvumi nao ni hati ya kihistoria, mradi usomwe kwa kile unachokishuhudia. Hautupi idadi ya maiti. Unatupa jambo jingine: kwamba watu wa Kinshasa wa mwaka 1974 waliona ni jambo la kawaida kabisa kwamba serikali ingewaua raia ili barabara ziwe tulivu mbele ya wageni. Hofu iliyokuwa ikisimuliwa ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake, kwani mtu anayeamini kwamba chini ya viti vya uwanja kuna vyumba vya mauti hahitaji kuambiwa mara mbili aondoke barabarani.

Tuzingatie pia neno lenyewe, wahalifu. Katika masimulizi yote, waliokamatwa huitwa hivyo, na hakuna anayetuambia walihukumiwa na mahakama gani. Ndiyo kazi ya neno hilo. Katika mji ambamo amri ya mwaka 1896 ilimfanya mtu asiye na kazi wala makazi kuwa na hatia kwa kuwepo tu, mpaka kati ya mwizi na fukara ulikuwa mwembamba sana. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watoto wa mitaani walivyokuwa wakikusanywa na polisi katika miji ya Kongo, Lubumbashi ikiwa mojawapo, chini ya kivuli cha sheria hiyohiyo iliyotungwa miaka 110 kabla. Mzungu aliondoka, kibali kikafutwa, lakini fagio lilibaki mlangoni.

Nani alilipa?

Sasa turudi Kakontwe. Fedha za dhamana ya Mobutu hazikutoka Kinshasa. Union Minière ilitaifishwa tangu Januari 1967, na kampuni ya serikali iliyorithi mali yake, baadaye Gécamines, ndiyo iliyoipatia nchi zaidi ya nusu ya fedha zake za kigeni. Mapema mwaka 1974 bei ya shaba duniani ilipanda sana, na utawala ukapanga matumizi yake kana kwamba bei haijui kushuka. Kabla mwaka haujaisha, ilikuwa imeporomoka vibaya. Mwaka uliofuata vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, njia iliyokuwa ikiipeleka shaba ya Katanga baharini.

Haitakuwa haki kusema kwamba pambano moja la ngumi liliifilisi Zaire. Dola milioni 10 zilikuwa sehemu ndogo ya ubadhirifu mkubwa zaidi, na utaifishaji wa biashara uliotangazwa Novemba 1973 uliivuruga nchi kuliko mabondia. Lakini pambano linatuonyesha kanuni iliyotumika kugawa mali: shaba ilichimbwa upande mmoja wa nchi, sifa ikanunuliwa upande mwingine, na deni likarudishwa kwa mchimbaji. Viwanda vilichakaa bila kufanyiwa matengenezo. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, uzalishaji wa Gécamines ulikuwa umeshuka chini ya sehemu ya kumi ya ule wa miaka ya 1980. Mnamo miaka ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wa wanyonge wa miji ya Katanga leo ni watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa aina hiyo. Ni wale wale ambao, mgeni mkubwa akija, huambiwa kwamba wanaharibu sura ya mji.

Si Kinshasa peke yake

Ingekuwa faraja kudhani kwamba mambo haya ni ya Mobutu na yalizikwa naye. Historia haituruhusu. Kwa makadirio ya shirika la COHRE yaliyotolewa mwaka 2007, watu 720,000 waliondolewa katika makazi yao huko Seoul wakati wa maandalizi ya Olimpiki ya 1988. Huko Atlanta, katika nchi tajiri yenye mahakama huru, shirika hilo lilieleza kwamba hati zipatazo 9,000 za kuwakamata watu wasio na makazi zilitolewa kabla ya michezo ya 1996. Tofauti ya Mobutu na wengine, basi, ilikuwa katika ukali na katika kutokuwepo kwa rufaa, si katika nia ya kumficha fukara.

Rufaa, hata hivyo, si jambo dogo. Huko Cape Town, wakazi wapatao 20,000 wa mtaa wa Joe Slovo, uliopo kando ya barabara kuu inayotoka uwanja wa ndege, walitakiwa kupisha mradi wa nyumba katika miaka iliyotangulia Kombe la Dunia la 2010. Serikali ilisema inawajengea. Wakazi na watetezi wao walisema inawaondoa machoni pa wageni. Wakazi walienda mahakamani. Juni 2009 Mahakama ya Katiba iliruhusu wahamishwe, lakini kwa masharti ya makazi mbadala na mashauriano. Masharti hayo hayakutimizwa, uhamisho haukufanyika, na mwaka 2011 mahakama iliifuta amri yake. Wanyonge wa Joe Slovo walishindwa kesi, wakabaki nyumbani, kwa sababu walikuwa na mahali pa kuuliza swali na mtu aliyelazimika kulijibu.

Upo pia unyonge wa sura nyingine. Qatar, kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2022, haikuwa na maskini wengi wa kuwaondoa, iliwaingiza. Miongoni mwao walikuwemo Wakenya na Waganda, walinzi na madereva, waliofungwa na mfumo wa kafala uliomfanya mwajiri kuwa na mamlaka juu ya ukaaji wao. Sheria ya kubadili kazi bila idhini ya mwajiri ilikuja mwaka 2020, baada ya kelele nyingi. Hapa tena, kilichosaidia ni kuulizwa kwa swali mbele ya watu.

Hitimisho

Kinshasa ilipokea wageni wa michezo tena mwaka 2023, katika Michezo ya Francophonie, na uwanja wa 1974, ambao sasa una jina la padre Raphaël, ulipewa majengo mapya. Mwaka huohuo Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Lugha itakayotumika kutangaza, kushangilia na kuamuru katika mashindano hayo ni Kiswahili kwa sehemu kubwa, na kwa sababu hiyo sisi tunaoifanyia lugha hii utafiti hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la wanasheria tu. Yatupasa kusikiliza vitenzi. Mara tu tangazo la serikali litakaposema mji "utasafishwa", na mtendwa wa kitenzi hicho akawa ni mama muuza ndizi, kijana wa mkokoteni au mtoto anayelala chini ya daraja, tujue kwamba tumekwisha kuisikia sentensi hiyo kabla.

Chokaa ya Kakontwe hutumika kuitenga shaba na uchafu wake. Wahandisi wa viwandani hujua kwa hakika ni kipi kitu na ni kipi taka. Waandaaji wa miji nao wamejiaminisha mara nyingi kwamba wanajua vivyo hivyo kuhusu watu, na kila mara historia imewakuta wamekosea. Methali yetu haikumtaka mwenyeji apendeze, wala ajifiche. Ilimtaka apone.