Baada ya Kura: Vyama na Miungano Kimulot na Nchi ya Chai

Kimulot ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Konoin, Kaunti ya Bomet. Nyingine ni Mogogosiek, Boito, Embomos na Chepchabas. Konoin iko kati ya msitu wa Mau Kusini Magharibi na mashamba makubwa ya chai yanayotandaa hadi Kericho, na wakulima wake wadogo hupeleka majani kwenye viwanda kama vile Kapset na Mogogosiek. Wakazi wengi ni Wakipsigis, tawi la Wakalenjin, na kwa zaidi ya miaka 60 wamekuwa na desturi moja ya kisiasa: hupiga kura kama kundi moja, kisha mashindano yenyewe huanza baada ya matokeo kutangazwa.

Mizizi ya desturi hiyo ni ya kabla ya uhuru. Mwaka 1960, Taaitta Toweett, mwanasiasa wa Bureti, aliongoza Kalenjin Political Alliance, ambayo mwezi Juni mwaka huo ilijiunga na vyama vingine vya jamii ndogo kuunda chama cha KADU chini ya Ronald Ngala. Hofu yao kuu ilikuwa ardhi. Bonde la Ufa lilikuwa na mashamba ya walowezi na ya kampuni za chai, na viongozi wa Wakalenjin waliogopa kwamba serikali moja yenye nguvu jijini Nairobi ingeyagawa bila kuwauliza wenyeji. Ndiyo sababu walidai serikali za majimbo.

Uchaguzi wa 1961 ulitoa somo la kwanza la siasa za miungano. Chama hasimu cha KANU kilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ilikataa kuunda serikali kabla ya Jomo Kenyatta kuachiliwa. KADU iliingia madarakani ikiungwa mkono na New Kenya Party ya Michael Blundell. Mwaka uliofuata, baada ya mazungumzo ya Lancaster House, vyama viwili vikuu viliunda serikali ya mseto iliyojaa shaka pande zote. Katika uchaguzi wa Mei 1963 KADU ilishinda mabunge ya majimbo matatu, Bonde la Ufa, Magharibi na Pwani, na Daniel arap Moi akawa rais wa jimbo la Bonde la Ufa. Jimbo hilo halikudumu. Novemba 1964 KADU ilivunjwa na wabunge wake wakahamia KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri na majimbo yakapoteza nguvu.

Kwa karibu miongo mitatu iliyofuata hapakuwa na miungano ya vyama ya kusimulia, maana kwa sehemu kubwa ya wakati huo chama kilikuwa kimoja. Ushindani uliingia ndani ya KANU, na katika ngazi ya chini ulionekana kwenye mabaraza ya wilaya, ambako madiwani waliochaguliwa walimchagua mwenyekiti wa baraza kutoka miongoni mwao. Uchaguzi wa pili huo, usiokuwa na masanduku ya kura vijijini, mara nyingi ulikuwa na uzito zaidi kuliko wa kwanza, kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyekuwa na sauti juu ya shughuli za baraza.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwishoni mwa 1991, Kimulot haikuondoka KANU. Moi alikuwa Mkalenjin na rais, na katika uchaguzi wa Desemba 1992 wagombea 16 wa KANU katika Bonde la Ufa walipita bila kupingwa, baadhi yao baada ya wapinzani kuzuiwa kuwasilisha karatasi zao. Mipaka nayo ilibadilishwa mara kwa mara. Mwaka huo Bomet ilikatwa kutoka Wilaya ya Kericho. Baadaye Konoin iliunganishwa na Bureti katika wilaya mpya, na katiba ya 2010 ilipoleta kaunti ikajikuta ndani ya Bomet. Kwa mkulima wa Kimulot, kila mkato wa mpaka ulimaanisha kuanza upya kujenga urafiki wa kisiasa, safari hii na watu wa Sotik na Chepalungu badala ya jirani zake wa Litein, huko Bureti.

Mwaka 2007 wimbi lilihamia chama cha ODM. Eneo lilimpigia Raila Odinga kura kwa wingi mkubwa, likiongozwa na William Ruto na wanasiasa wa hapa kama Kipkalya Kones wa Bomet na Lorna Laboso wa Sotik. Ghasia za baada ya uchaguzi zilizaa serikali ya mseto ya 2008. Juni 10 mwaka huo Kones, aliyekuwa Waziri wa Barabara, na Laboso walifariki katika ajali ya ndege. Septemba, Beatrice Kones alichaguliwa Bomet na Joyce Laboso Sotik, wote kwa tiketi ya ODM. Huo ulikuwa ushindi wa mwisho wa furaha kwa chama hicho katika nchi ya chai. Serikali ilipoanza kuwaondoa watu Mau Kusini Magharibi mwaka 2009, wakazi wa kingo za msitu walimlaumu Odinga, Waziri Mkuu waliyempa kura chini ya miaka miwili kabla. Waliokuwa wamemchagua pamoja waliondoka pamoja, wakamfuata William Ruto katika chama chake cha URP.

URP iliungana na TNA ya Uhuru Kenyatta katika muungano wa Jubilee, na Machi 2013 Wakenya walipiga kura sita kwa siku moja. Mpiga kura aliingia kibandani na karatasi sita za rangi mbalimbali, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wa wadi, na kila karatasi iliwekwa kwenye sanduku lenye mfuniko wa rangi yake. Wanasiasa walihimiza "suti kamili", yaani chama kimoja kuanzia juu hadi chini, na nchi ya chai ikaitikia. Isaac Ruto, mbunge wa Chepalungu, akawa gavana wa kwanza wa Bomet kwa tiketi ya URP.

Hapo ndipo mvutano wa sasa ulipoanza. Isaac Ruto alichaguliwa mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana, na mwaka 2014 akaongoza kampeni ya Pesa Mashinani iliyotaka mgao wa kaunti uongezwe kutoka kiwango cha chini cha asilimia 15 ya mapato ya taifa hadi asilimia 45. Hoja ilikuwa nzito na ya haki kwa kaunti ya wakulima, lakini ilimgonganisha na serikali ya chama chake mwenyewe. Machi 2016, katika uchaguzi mdogo wa Seneta wa Kericho, Aaron Cheruiyot wa upande wa Jubilee alishindana na Paul Sang wa KANU, na Isaac Ruto akawa upande wa KANU. Cheruiyot alishinda. URP ilipovunjwa Septemba 2016 ili kuingia Chama cha Jubilee, Isaac Ruto alikataa kufuata na kuanzisha Chama Cha Mashinani.

Aprili 2017 chama hicho kiliingia muungano wa upinzani wa NASA, na kiongozi wake akawa kinara wa tano kando ya Odinga, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula. Kwa wapiga kura wa Bomet huo ulikuwa mzigo. Ukipinga Jubilee katika kaunti wangeweza kukusikiliza, lakini kusimama na Odinga, baada ya Mau, wengi hawakukubali. Agosti 2017 Joyce Laboso wa Jubilee alimshinda, akawa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini, pamoja na Anne Waiguru na Charity Ngilu. Kabla ya uchaguzi wa marudio wa urais wa Oktoba, Isaac Ruto alikuwa amerudi upande wa Jubilee. Hata hivyo chama chake hakikufa: kilichukua kiti cha ubunge cha Chepalungu.

Laboso alifariki Julai 29, 2019, na naibu wake Hillary Barchok akaapishwa. Kufikia 2022 wimbi lilikuwa chama cha UDA cha William Ruto, na Chama Cha Mashinani kikawa chama tanzu cha muungano wa Kenya Kwanza. Kwa hiyo, Agosti 9, 2022, Barchok wa UDA na Isaac Ruto walipigania ugavana wa Bomet huku wote wawili wakimpigia debe mgombea mmoja wa urais. Barchok alishinda. Konoin ilimrudisha Brighton Yegon, aliyekuwa ameingia bungeni 2017 kwa Jubilee na sasa alikuwa na UDA. Chepalungu ikabaki na Mashinani.

Ndani ya mabunge ya kaunti, sheria yenyewe huuficha ugomvi. Mwakilishi wa wadi anayehama chama hupoteza kiti, kwa hiyo huasi bila kuhama. Viti vya uteuzi hugawanywa kulingana na idadi ya wadi ambazo kila chama kimeshinda, na hilo hukipa hata chama kidogo sababu ya kupigania wadi moja zaidi. Kericho imeonyesha uasi huo waziwazi. Oktoba 2024 wawakilishi 31 kati ya 47 walipiga kura kumwondoa Gavana Eric Mutai wa UDA katika bunge ambalo UDA ilikuwa na nguvu kubwa, na Seneti ikaitupa hoja hiyo kwa kuwa theluthi mbili ya 47 ni 31.3, hivyo zilihitajika kura 32. Agosti 2025 walimwondoa tena, na Seneti ikamwacha tena ofisini.

Chama cha nyumbani kilichodumu hadi uchaguzi wa 2022 ni Chama Cha Mashinani, kilichoanzishwa kutetea fedha za kaunti, na kilidumu kwa kukubali kuwa ndani ya muungano mmoja na UDA, chama kilichoshindana nacho Bomet. Kura inayofuata imepangwa Agosti 10, 2027.