Mtaji wa Mwanamke wa Mtinko

Wasikilizaji wetu, mara nyingi twasikia ikinenwa ya kuwa mwanamke wa shamba hana moyo wa biashara. Leo twataka kulipima neno hilo kwa historia ya Mtinko na vijiji jirani, katika nchi ya Wanyaturu, mkoa wa Singida.

Mwaka 1959 na 1960 mtaalamu Mmarekani, Harold Schneider, alikaa katika nchi hiyo akichunguza njia za mali. Kitabu chake kilitoka mwaka 1970. Mke alilima mtama na uwele katika shamba lililotiwa samadi, na nafaka iliyosalia ikabadilishwa kwa mifugo. Basi jembe lilikuwa la mke; lakini nafaka ilipokwisha kugeuka ng'ombe, neno la mwisho lilikuwa la mume. Mtaji ulipita mkononi mwa mwanamke, wala haukukaa.

Je, moyo ndio uliokosekana? Hasha! Nchini Tanganyika wanawake wengi walipika pombe wakaiuza, wakajua kuhesabu faida na hasara. Huko Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alipowaita wanawake waingie TANU mwaka 1955, wauza pombe walikuwa miongoni mwa waliomwitikia, kwa kuwa walikuwa na fedha zao na umoja wao.

Hata hivyo, fedha ya pombe ni ndogo, na biashara kubwa yataka mali ya kudumu. Hapo sheria zilibadilika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuitunza na kuiuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza iliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa babaye. Jaji Mwalusanya akasema ana haki ya kuuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaieneza haki hiyo ya ardhi hata vijijini.

Lakini sheria haihesabu fedha jioni nyumbani. Binti akiuza mayai au alizeti, kisha fedha ikachukuliwa pasipo kuulizwa, kesho ataanza na nini? Kisha twamwita mvivu! Enyi wazazi na waume, tuiache faida ikae mkononi mwa aliyeitolea jasho. Ndipo tutakapojua kama moyo wa biashara anao au hana.