Kadiri Ukaavyo Karibu

Jimbo la Iowa halina timu hata moja katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani. Anayetoka Des Moines, mji mkuu wake, kwenda kuiona ligi hiyo kwa macho yake, safari fupi kuliko zote ni ya Kansas City, kilomita 300 na ushee. Chicago ni zaidi ya 500. Hata hivyo, kwa miaka mingi ramani ya haki za matangazo imelihesabu jimbo hili kuwa nyumbani kwa timu sita kwa mpigo: Cubs na White Sox za Chicago, Cardinals ya St. Louis, Royals ya Kansas City, Brewers ya Milwaukee na Twins ya Minnesota. Na kwa kuwa ni nyumbani, mkazi wa Des Moines aliyelipia MLB.TV, kifurushi cha ligi cha kutazama mechi kwenye intaneti, alikuwa akifungua mechi ya mojawapo ya timu hizo anakutana na maandishi kwamba haipatikani katika eneo lake. Mkazi wa Boston mwenye kifurushi kilekile aliweza kuwatazama Royals wakicheza na Brewers bila kikwazo.

Des Moines siku hizi utasikia Kiswahili madukani na makanisani, cha watu waliotoka Kongo na Burundi, na watoto wao wanakua na besiboli shuleni. Siku moja mtoto atamuuliza mzazi kwa nini timu iliyo karibu haionekani na ya mbali inaonekana. Jibu halimo kwenye simu wala kwenye runinga. Limeanzia zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika swali moja ambalo wenye timu hawajaacha kuligombania: macho ya jirani wa uwanja ni mali ya nani?

Tarehe 5 Agosti 1921, katika uwanja wa Forbes Field mjini Pittsburgh, kijana aitwaye Harold Arlin alikaa na simu iliyogeuzwa kuwa kipaza sauti, akawasimulia wasikilizaji wa kituo cha KDKA mechi ya Pirates na Phillies. Pirates walishinda 8 kwa 5. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza ya ligi kuu kutangazwa redioni. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba besiboli haiguswi na sheria za kuzuia ukiritimba. Mambo haya mawili yalitokea bila kujuana, lakini historia yote iliyofuata ni mtoto wao. Redio iliweza kuvuka mipaka yote. Mahakama iliwaachia wenye timu nafasi ya kuweka mipaka wanayoitaka.

Wenye timu waligawanyika. Huko Chicago, William Wrigley, tajiri wa chingamu aliyeimiliki Cubs, alifungua milango, na redio zikaingia. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa bidhaa ya senti chache, akajua kwamba mtu hununua kitu alichokwisha kukisikia. New York waliona kinyume: nani atalipa kiingilio ikiwa mechi anaipata bure jikoni kwake? Kuanzia 1934 Yankees, Giants na Dodgers walikubaliana kuzuia matangazo ya mechi zao kwa miaka mitano. Mji mkubwa kuliko yote Marekani ukanyamaza, hadi Larry MacPhail wa Dodgers alipokataa kuendelea na mapatano hayo, akamleta mtangazaji Red Barber kwa msimu wa 1939.

Wakati New York imenyamaza, Iowa ilikuwa ikisikiliza. Katika kituo cha WHO cha Des Moines alikuwapo mtangazaji wa umri wa miaka ishirini na kitu, Ronald Reagan, ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza mechi za Cubs bila kuziona. Nyuma ya kioo alikaa mpokea telegrafu mwenye visikizi masikioni. Alama zikifika kutoka Chicago anapiga taipu, anachomeka kijikaratasi kwenye mwanya, na Reagan anakigeuza kuwa jua, vumbi, kelele za mashabiki na mrushaji anayefuta jasho. Siku moja, kama alivyopenda kusimulia mwenyewe baadaye, kijikaratasi kilileta habari kwamba waya umekatika. Angekiri, wasikilizaji wangehamia kituo kingine. Basi akamfanya mpigaji agonge mpira ukatoka nje ya mstari. Ukarudi, akaugonga tena nje. Akasimulia watoto wanaoukimbilia mpira jukwaani. Tena nje, na tena, kwa dakika kadhaa, mpaka waya ukaunganishwa. Mwaka 1937 alifuatana na Cubs mazoezini California, akafanyiwa majaribio ya filamu, na kilichofuata, hadi urais wa Marekani, dunia inakijua.

Kisa hiki kina uzito kuliko kinavyochekesha. Mkulima wa Iowa wa 1935 alikuwa na mechi ambayo hakuna aliyemzuia kuipata, hata kama nusu yake ilitungwa.

Tarehe 26 Agosti 1939 picha ikafika. Katika uwanja wa Ebbets Field huko Brooklyn, kituo cha majaribio W2XBS kilionyesha Dodgers wakicheza na Cincinnati Reds kwa kamera mbili tu. Eneo zima la New York lilikuwa na runinga mia chache. Red Barber hakuwa na kioo cha kumwonyesha watazamaji wanaona nini, ikambidi akisie kwa kutazama kamera ilikoelekea. Matangazo ya biashara aliyafanya mwenyewe papo hapo: aliinua kipande cha sabuni, akavaa kofia ya mhudumu wa kituo cha petroli, akamimina nafaka kwenye bakuli na kukatia ndizi juu yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia runinga zikaingia sebuleni, na hofu ya zamani ikarudi na hesabu mkononi. Timu ya Braves ya Boston ilikuwa imeingiza watu 1,455,439 uwanjani mwaka 1948. Mwaka 1952 walikuja 281,278. Mwenye timu, Lou Perini, aliilaumu sana runinga. Ukweli ni kwamba timu yenyewe ilikuwa imedorora, na Boston ilikuwa na Red Sox pembeni. Lakini alipoihamishia Milwaukee mwaka 1953 alipiga marufuku runinga, na viti vikajaa: watu zaidi ya milioni 1.8 msimu wa kwanza. Wenye timu wengine hawakuuliza kama wingi ule ulitokana na runinga kufungwa au na ugeni wa timu mjini. Mwaka huohuo mtandao wa ABC ulianza kuonyesha mechi moja kila wiki kwa nchi nzima, ila miji yenye timu za ligi kuu ilizimiwa. Giza la jirani likapata sheria zake hapo: anayekaa mbali aone, anayekaa karibu akate tiketi.

Walter O'Malley, alipoihamisha Dodgers kutoka Brooklyn hadi Los Angeles mwaka 1958, alilishika fundisho hilo kwa mikono miwili. Mechi za nyumbani hakuzionyesha kwenye runinga. Redioni alimwacha mtangazaji Vin Scully, na mji ukamwangukia. Uwanja wa Coliseum ulikuwa mkubwa mno, wenye kuchukua watu zaidi ya 90,000, na aliyekaa juu kabisa alimwona mchezaji kama sisimizi. Kwa hiyo watu walikuja na redio ndogo za mkononi, wakatazama kwa macho na kuelewa kwa sikio la Scully. Mwaka 1960 Scully aliona kwamba ni siku ya kuzaliwa ya mwamuzi Frank Secory. Akawaambia wasikilizaji kwamba akihesabu tatu wamtakie heri. Akahesabu, na uwanja mzima ukapaza sauti, mwamuzi akibaki ameshangaa wamejuaje.

Setilaiti ndiyo iliyotoboa ukuta. Ted Turner, aliyeinunua Atlanta Braves mwaka 1976, alikuwa na kituo kidogo cha runinga mjini humo. Tarehe 17 Desemba mwaka huo alikirusha kwa setilaiti hadi kwenye kampuni za kebo nchini kote, na Braves wakapata wapenzi katika vijiji ambavyo havijawahi kuiona Georgia. Kituo cha WGN cha Chicago kikafuata mwaka 1978. Kwa kizazi kizima cha Marekani ya kati, kurudi kutoka shule mchana na kuwakuta Cubs kwenye runinga lilikuwa jambo la kawaida kama chai.

Kisha kebo ikagundua fedha. Msimu mmoja wa besiboli una mechi 162 kwa kila timu, karibu kila siku kwa miezi sita, na hakuna mchezo mwingine mkubwa unaoweza kuijaza runinga kiasi hicho. Zikazaliwa chaneli za michezo za kikanda, kama NESN ya Boston mwaka 1984. Siri yake ilikuwa kwenye bili. Chaneli haikumtoza mpenzi wa besiboli peke yake. Iliitoza kampuni ya kebo dola kadhaa kwa kila kaya, na kampuni ikazigawa kwa wateja wote. Bibi asiyejua besiboli ni nini alichangia kila mwezi sawa na shabiki anayelala na kofia ya timu. Ulikuwa mchango wa lazima, na mchango wa namna hiyo unahitaji uzio: kama jirani angeweza kuipata mechi kwa njia nyingine, kwa nini alipe kebo? Hapa giza lilibadilika maana. Zamani lililinda viti vya uwanja. Sasa lililinda bili ya kebo.

Walioumia ni walewale, majirani wa uwanja. Yankees walipoanzisha chaneli yao, YES, mwaka 2002, wakashindwana bei na kampuni ya Cablevision, kaya karibu milioni tatu za New York na vitongoji zilipitisha msimu mzima bila kuiona. Msimu huohuo, tarehe 26 Agosti 2002, miaka 63 kamili tangu siku ile ya Ebbets Field, ligi ilirusha mechi yake ya kwanza kwenye intaneti, Yankees na Texas Rangers. Watu 30,000 hivi waliitazama, wakivumilia picha ndogo. Mwaka 2003 MLB.TV ikaanza kuuzwa kama huduma kamili, miaka kabla ya watu kuzoea kutazama filamu kwa njia hiyo. Mitambo ya huduma hiyo ya besiboli ikawa bora hata wengine wakaikodi, na mwishowe Disney ikainunua. Mchezo unaosifiwa kwa ukale wake ndio uliowafundisha wengine kutiririsha. Ila ramani ya maeneo ilihamishwa kama ilivyo kutoka kwenye kebo hadi kwenye intaneti, na Iowa ikabaki na timu sita zinazoidai.

Mashabiki walikwenda mahakamani mwaka 2012. Kesi iliisha kwa suluhu Januari 2016: bei ya MLB.TV ikashuka kutoka dola 129.99 hadi 109.99, na mtu wa mbali akaweza kununua timu moja peke yake. Uzio wa jirani ulibaki.

Linaloniuma kuliko yote ni la Los Angeles. Mwaka 2014 Dodgers walihamia kwenye chaneli mpya, kwa mkataba wa miaka 25 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 8, na kampuni nyingi zikakataa bei yake. Zaidi ya nusu ya nyumba za mji hazikuiona timu kwa miaka sita. Vin Scully alikuwa bado kazini, mzee wa miaka 86, akielekea kustaafu mwaka 2016 baada ya misimu 67. Sauti iliyoulea mji huo ilizimwa kwenye runinga nyingi za wenyewe katika miaka yake ya mwisho, hadi kituo cha bure cha KTLA kiliporuhusiwa kuonyesha mechi zake chache za mwisho. Fedha zile zililipa wachezaji hodari, sikatai. Lakini hakuna kombe linalomrudishia mzee wa Los Angeles jioni zile.

Mchango wa lazima ukaanza kufa wachangiaji walipoondoka. Familia zilikata kebo kwa mamilioni. Kampuni ya Sinclair ilinunua chaneli 21 za kikanda mwaka 2019 kwa karibu dola bilioni 10, na Machi 2023 tawi lake lililozimiliki, Diamond Sports, likaomba ulinzi wa mufilisi. Lilipoacha kuilipa San Diego Padres, ligi yenyewe ilichukua kamera. Tarehe 31 Mei 2023, Padres wakiwa ugenini Miami, mkazi wa San Diego aliweza kwa mara ya kwanza kulipa dola 19.99 kwa mwezi na kuitazama timu ya kwao bila kebo. Arizona, Colorado, Cleveland na Minnesota walifuata kufikia 2025.

Kwa hiyo anayetaka kuitazama timu ya karibu leo huanza na msimbo wa posta, si na programu. Tovuti ya ligi ina mahali pa kuuandika ili ujue ni timu zipi zinalidai eneo lako. Kisha utafute mechi za timu yako zimeshikwa na nani: ligi, chaneli ya kikanda inayouza kifurushi chake kama NESN inavyofanya tangu 2022, au kampuni inayouza chaneli kwa pamoja. Halafu ukumbuke kwamba mechi kadhaa kila msimu huchukuliwa na wakubwa wa nchi nzima. Tangu 2022, kwa mfano, baadhi ya mechi za Ijumaa ziko Apple. Milango inafunguka, ila kila mmoja una ufunguo wake na bei yake, na Iowa ina milango mingi kuliko wengi.

Siku hizi redio ndiyo isiyo na uzio. Matangazo ya sauti ya ligi kwenye intaneti hayazimwi kwa eneo katika msimu wa kawaida, na bei yake ni ndogo. Mtu wa Des Moines anaweza usiku wa leo kuwasikiliza Cubs, Royals au Twins, mpira mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho. Na kama ana MLB.TV pia, dakika 90 hivi baada ya mechi kuisha kufuli hufunguliwa: picha ya mechi ileile aliyokwisha kuisikia inamjia nzima, watoto wakiwa wamelala.