Soma Anwani, Usifungue Mzigo: Historia Fupi ya Kunasa Pakiti

Ukipita Kariakoo asubuhi utakuta mizigo ya mikoani inafungwa. Boksi linapigwa gundi, linaingia kwenye kiroba, halafu juu linaandikwa kwa wino mzito: jina, namba ya simu, Mbeya au Mwanza. Anayelibeba hana haja ya kujua ndani kuna vitenge au vipuri. Anwani inamtosha. Na jina lenyewe la Kariakoo limetokana na wabeba mizigo: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Intaneti nayo inasafirisha hivyohivyo. Picha unayotuma inakatwa vipande vidogo, yaani pakiti. Kila pakiti ina kichwa kinachoonyesha ilikotoka, inakokwenda na nafasi yake kwenye mfuatano. Ukizinakili zinapopita kwenye ruta au swichi, umezinasa. Swali ni je, unase kiasi gani?

Turudi Oktoba 1986, Marekani. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kasi ya mtandao iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Ndiyo, arobaini! Umbali wenyewe ni kama mita 360 tu, mwendo wa dakika tano kwa mguu. Van Jacobson na mwenzake Michael Karels walichunguza pakiti moja moja na kuona tatizo: kompyuta ikikosa jibu ilituma tena haraka mno, na nakala hizo zikazidisha foleni. Ni kama mfanyabiashara anayeona lori limekwama Msimbazi, akatuma la pili kwenye barabara ileile. Dawa yao, iliyochapishwa 1988, iliifundisha kompyuta kuanza polepole na kupunguza mwendo pakiti zikipotea. Simu yako inaishi kwa kanuni hiyo mpaka leo.

Mwaka huohuo, katika maabara hiyohiyo, Jacobson, Craig Leres na Steven McCanne waliandika programu ya tcpdump. Sasa angalia jambo dogo: kwa kawaida yake ilinasa baiti 68 tu za kila pakiti. Hapo unapata kichwa na mabaki kidogo. Sababu haikuwa faragha. Ukinasa baiti nyingi, kompyuta inalemewa na pakiti nyingine zinakupita. Lakini matokeo yake fundi alisoma anwani bila kufungua mzigo. Mwaka 1998 Gerald Combs alitoa Ethereal, ambayo tangu 2006 inaitwa Wireshark, na kunasa pakiti kukawa kazi ya kubonyeza tu. Leo kikomo cha kawaida cha tcpdump ni baiti 262,144. Mzigo wote unaingia.

Huku kwetu, kabla mkongo wa Seacom haujafika Dar es Salaam Julai 2009, tulitegemea sana setilaiti. Ombi linapanda kama kilomita 36,000 na kushuka, jibu nalo vivyo hivyo. Kwa kasi ya mwanga hiyo peke yake ni karibu nusu sekunde. Kwa hiyo "mtandao unasumbua" ilikuwa na maana zaidi ya moja: umbali, foleni, au pakiti zinazopotea. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa pakiti unaweza. Jibu likichelewa kwa muda uleule kila mara, shuku umbali. Muda ukipandapanda, shuku foleni. Namba zilezile zikitumwa mara mbili mbili, kuna zinazopotea. Ombi likitoka na jibu lisirudi kabisa, tafuta njia iliyokatika, kama Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini.

Tuseme duka moja la Mtaa wa Aggrey linalalamika. Swichi hupeleka pakiti kwa mhusika peke yake, kwa hiyo kwanza iagize inakili mlango wa duka hilo kwenda mlango wenye kompyuta yako. Kisha:

tcpdump -i eth0 -s 96 -c 5000 host 192.168.1.20

Yaani: sikiliza mlango huu, chukua baiti 96 za mwanzo, simama zikifika pakiti 5,000, na nataka mashine hii moja tu. Ruta nyingi za siku hizi zina uwezo huu ndani yake, na maswali ni yaleyale manne: wapi, nini, kiasi gani, mpaka lini.

Usiyaone maswali hayo kama ufundi mtupu. Usimbaji fiche unaficha maudhui mengi, lakini si yote, na anwani peke yake zinasema mengi: nani anawasiliana na benki gani, saa ngapi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kunasa mawasiliano bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana hata baada ya kuzipata. Kwa hiyo pata ruhusa ya maandishi, nasa kidogo, na faili lifute kazi ikiisha.

Mwaka 1988 udogo wa mashine ndio uliotuzuia tusifungue mizigo ya watu. Leo mashine haizuii. Hiyo namba baada ya -s unaiandika wewe.