Setilaiti Zinavyopima Milima Inayosogea Kando ya Mabwawa ya Umeme

Tukisikia bwawa la umeme limeua watu, wengi wetu hudhani ukuta umepasuka. Nami nilidhani hivyo mpaka niliposoma habari za Vajont, kaskazini mwa Italia. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, ubavu wa mlima Toc uliporomoka ndani ya bwawa hilo. Maji yaliruka juu ya ukuta wenye kimo cha zaidi ya mita 260, yakaufagia mji wa Longarone na vijiji jirani. Watu wapatao 2,000 walikufa. Ukuta wenyewe haukuvunjika. Umesimama hadi leo.

Kwa nini mlima uanguke? Bwawa linapojazwa, maji hupenya chini ya mteremko na kupunguza mshikamano wa udongo na mawe. Yakishushwa kwa haraka, yale yaliyobaki ndani ya mteremko huusukuma nje. Huko China, Julai 2003, wiki chache baada ya bwawa la Three Gorges kuanza kujazwa, mteremko wa Qianjiangping uliporomoka. Watu 24 walikufa au kupotea.

Siku hizi mlima hupimwa kutoka angani. Setilaiti ya kwanza ya Sentinel-1, ya Ulaya, ilirushwa Aprili 2014. Setilaiti ya aina hii hurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 12. Haitegemei mwanga wa jua. Hutuma mawimbi ya rada, hivyo huona usiku na hata kukiwa na mawingu. Wataalamu hulinganisha mawimbi yaliyorudi safari moja na yale ya safari iliyofuata. Ardhi ikiwa imesogea hata milimita chache, tofauti huonekana. Wakikusanya picha za miaka, hujua ni mteremko upi unaotambaa, na kama huongeza kasi kila maji yanapopanda au kushuka. Picha hizo hutolewa bure.

Hata hivyo, rada ina mipaka yake. Msitu mnene huvuruga vipimo, mwendo wa kuelekea kaskazini au kusini hauonekani vizuri, na mlima ukikimbia mno kati ya safari mbili, hesabu hupotea. Vipimo vya ardhini bado vyahitajika.

Tena kupima si kuokoa. Kule Vajont wahandisi walijua mlima unasogea. Siku za mwisho ulikwenda takriban sentimita 20 kwa siku, nao walikuwa wakipunguza maji. Lakini watu wa Longarone hawakuhamishwa.

Mto wetu wa Tana hupitia mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kabla ya kufika baharini Kipini. Sisemi miteremko yake inasogea. Nasema tuulize: ni nani anayeipima, na akiona dalili, atampigia nani simu?