Tulitafuta njia ya kukwepa Kampala, kumbe mizigo ya babu zetu iliijua



Mimi na mwenzangu mmoja tuliyesoma naye tunapanga safari ya pikipiki kutoka Bunia mpaka Eldoret, kule Kenya, ambako dada yake anasoma. Tunangojea kiangazi cha Desemba. Kila motari tuliyemuuliza alitupa njia moja tu: teremka Beni, vuka Kasindi, pita Kasese, ingia Kampala, toka Kampala. Na kila mmoja aliongeza: "Lakini Kampala, ndugu, ni mateso."

Hilo ninalijua mwenyewe. Mara ya kwanza nilipita pale nikiwa nimebebwa na rafiki. Toka Busega mpaka kutokea barabara ya Jinja tulimaliza masaa matatu. Sisi Kongo tunaendesha kuume, wao wanaendesha kushoto. Kioo cha taksi kilinipiga kiwiko, nikaanguka katikati ya boda-boda. Alama iko mpaka leo. Ni kweli wana barabara ya kuzunguka, Northern Bypass, toka Busega mpaka Bweyogerere, lakini jiji limekua mpaka limeivuka, na jioni nayo inajaa.

Basi siku moja tulikuwa tunabishana juu ya ramani mbele ya babu yangu. Ujana wake aliumalizia Kasenyi, kwenye ziwa Albert, akipakia mizigo wakati wa Wabelgiji. Alitusikiliza, halafu akacheka: "Kampala ya nini? Sisi mizigo yetu ya Mombasa haikuona Kampala hata siku moja. Ilipita kwa maji."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Nikaenda kusoma. Kumbe mzee alisema kweli.

Reli ya Waingereza ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwa Victoria mwaka 1901, pale panapoitwa leo Kisumu. Kampala haikufika. Mwaka 1912 wakafungua kipande kingine, reli ya Busoga, toka Jinja mpaka Namasagali. Kwa nini Namasagali, mahali padogo vile? Kwa sababu ya mto. Nile ikitoka Jinja inaanguka kwenye mawe, meli haiwezi kupita. Toka Namasagali maji yanatulia, yanaingia ziwa Kyoga, yanafika Masindi Port. Mbele ya hapo maporomoko yanaanza tena: Karuma, kisha Murchison. Kwa hiyo mizigo ilishushwa, ikapanda kamyo mpaka mji wa Masindi, ikateremka mlima mpaka bandari ya Butiaba, ikapanda meli nyingine na kuvuka ziwa Albert mpaka kwetu, Kasenyi na Mahagi-Port. Hoteli ya Masindi, ya mwaka 1923, ilijengwa kwa ajili ya wasafiri wa njia hiyo, waliolala pale kati ya meli mbili.

Wabelgiji nao waliihitaji. Dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903, na migodi haichimbwi kwa mikono mitupu, inataka mashine. Ukitazama ramani utaona: toka Ituri mpaka Matadi ni kuvuka Kongo nzima. Bahari yetu ya karibu ni ya Mombasa. Kampala ilibaki pembeni, kusini, haina kazi na mzigo wetu.

Sasa, ile njia ilikufaje? Kwanza, reli ilivuka Nile pale Jinja, ikafika Kampala mwaka 1931. Mwaka 1956 ikafika Kasese, karibu kabisa na mpaka wetu. Mzigo uliopanda treni Kasese haukuhitaji tena kupakiwa na kupakuliwa mara nne. Pili, uhuru wa Uganda mwaka 1962 ulihamisha makao makuu toka Entebbe, Kampala ikawa mji mkuu: ofisi, banki, maduka ya jumla, vyote hapo. Tatu, mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 zilipandisha maji ya maziwa. Bandari ya Butiaba ikaingia maji, na meli kubwa ya ziwa, Robert Coryndon, ikazama pale pale. Meli za kwenda kwetu zikaisha.

Lakini Uganda ilikuwa na njia nyingine ya kupita kando ya Kampala. Reli ya kaskazini, iliyofika Soroti mwaka 1929, ilisogezwa Lira, Gulu, na mwaka 1964 ikafika Pakwach. Ukitoka hapo, Mahagi si mbali. Ila vita ya kaskazini, toka 1987 mpaka 2006, iliwatoa watu kwenye ile njia. Barabara ya Karuma mpaka Pakwach ilikuwa ya kuviziwa, magari yakichomwa na abiria wakiuawa. Mfanyabiashara wa Bunia aliyetaka kufika hai alipita Kampala. Watoto wake wakakua wanajua njia hiyo tu.

Njia yetu basi tumeipanga hivi: Bunia, Mahagi, mpaka wa Goli, Nebbi, daraja la Pakwach, Karuma, Lira, Soroti, Mbale, Tororo, mpaka wa Malaba, Eldoret. Pale Goli tunahamia mkono wa kushoto, kwenye barabara isiyo na magari mengi, tuzoee polepole. Kadi ya njano ya COMESA, yaani bima, tunaichukua mapema ili duane isitukwamishe. Pakwach na Karuma hatupiti usiku, barabara inafuata ukingo wa hifadhi ya Murchison, tembo wanavuka na nyani wanakaa njiani.

Uganda yote tumeimaliza kwa jioni mbili za kupanga. Kipande kinachotunyima usingizi ni cha kwetu: kilometa kama 180, Bunia mpaka Mahagi, RN27. Mwenzangu alimpoteza mjomba wake pale, mikononi mwa watu wenye silaha. Toka Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na bado asubuhi dereva anauliza kwanza: "Njia ikoje leo?" Tumekubaliana: kama madereva waliotoka Mahagi asubuhi ile hawajafika Bunia salama, hatuwashi moto. Hata kama ni wiki mbili tunangoja.

Nilianza nikiogopa msongamano wa Kampala. Leo naona msongamano unakuchelewesha tu. Barabara inayotisha ni ile ambayo magari yameikimbia. Lakini Karuma nayo ilikuwa hivyo, na sasa mabasi yanapita kila siku. Haikuwa lami iliyoifufua. Ni vita kuisha.

Babu ametuomba kitu kimoja. Tukirudi tukate kona, tupite Masindi, tushuke Butiaba, tumpigie picha. Miaka yote alipakia mizigo ya kwenda kule, na ng'ambo yenyewe hajawahi kuikanyaga.

Nawe, kama una mzee aliyefanya kazi Kasenyi, Mahagi-Port au Kilo, muulize kabla hajatutoka. Muulize vitu vilitoka wapi na vilipita wapi. Halafu tuandikie.